Kiingilio Dola 5

Ijumaa moja mwezi wa tatu nilikaa kitandani na kalamu nikapiga hesabu ya kwenda shoo ya roki. Kiingilio, 1,500. Mat kutoka Rongai hadi tao, 100. Chakula, smokie mbili nje kabla ya kuingia, 80. Maji ndani ya klabu, 200, kwa sababu chupa yako inabaki kwa baunsa mlangoni. Kurudi ndiko kuna kazi. Shoo ya saa mbili huanza saa nne na kuisha saa nane, na saa nane ya usiku boda mpaka steji ya Railways ni 200, kisha mat inakuambia 200 nyingine na hakuna kubishana. Jumla: 2,280.

Wakati huo nilikuwa nalipwa 700 kwa kila makala niliyomwandikia mteja wa mtandaoni. Makala matatu na robo, yaani siku tatu na zaidi kwenye kompyuta ya kuazima, ili nisikize magitaa kwa saa mbili. Nilibaki home. Beshte yangu alinitumia video za sekunde 15, moja baada ya nyingine, mpaka nikazima data.

Swali lililonikaa usiku huo ni hili: nani huamua kwamba usiku wa roki ni 1,500? Nikaanza kusoma, na nikaishia Washington, mji mkuu wa Marekani, kwa bendi iliyolijibu swali hilo kwa miaka 15.

Bendi hiyo inaitwa Fugazi. Shoo yao ya kwanza ilikuwa Septemba 3, 1987, kwenye ukumbi uitwao Wilson Center. Walikuwa watoto wa panki, na sizungumzii ile ya kinyozi. Panki ni roki iliyovuliwa madoido: gita, besi, ngoma na mtu anayepayuka ukweli wake. Msimamo wao kuhusu pesa ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kutekeleza. Kiingilio kiwe dola 5, na mtu wa umri wowote aruhusiwe kuingia.

Dola 5 ni pesa ngapi? Ukizibadilisha leo unapata kama 650 za Kenya, lakini hiyo hesabu inadanganya. Pima kwa kazi. Mwaka 1988 kima cha chini cha mshahara huko Marekani kilikuwa dola 3.35 kwa saa. Kijana aliyeosha vyombo hotelini kwa saa moja na nusu tayari alikuwa na kiingilio cha Fugazi. Mimi nilihitaji zaidi ya siku mbili za kuandika kupata kiingilio peke yake, kabla sijaweka mguu kwenye mat.

Kabla hujasema walikuwa watakatifu, angalia walivyoifanya. Hawakuwa na meneja. Ian MacKaye, mwimbaji na mpiga gita, alipiga simu mwenyewe kutafuta kumbi. Safari za mwanzo walilala sakafuni kwa watu. Hawakuuza fulana, fulana za Fugazi zilizokuwa zikizunguka zilitengenezwa na watu wengine. Rekodi zao zilitoka kwa Dischord, kampuni ambayo MacKaye na wenzake walikuwa wameianzisha mwaka 1980, kwa hiyo pesa za rekodi hazikupitia kwa tajiri wa katikati. Kila gharama waliyoikata kwao ilikuwa gharama ambayo wewe mlangoni hukulipa. Kwa mtindo huo walipiga shoo zaidi ya 1,000 na kufika majimbo yote 50 ya Marekani, hadi waliposimama mwaka 2002.

Ila sehemu iliyonifungua macho ni ile ya umri. Huko Marekani, kama hapa kwetu, klabu huishi kwa baa. Muziki unakuleta, kinywaji kinalipa stima. Ndiyo maana mtu ambaye hajafika umri wa kunywa huwa mzigo kwa mwenye klabu: anachukua nafasi na hanunui kitu. Mwaka 1980 moja ya bendi za mwanzo za MacKaye, Teen Idles, ilisafiri kwa basi hadi California. Walipofika klabu ya Mabuhay Gardens kule San Francisco, walichorwa herufi X kubwa mkononi ili mhudumu wa baa ajue asiwauzie pombe. Walirudi Washington na hilo wazo, wakawaambia wenye 9:30 Club: tuchoreni X, mtuachie tuingie tusikize tu. Alama ya kukunyima kinywaji ikawa tiketi ya kuingia.

Fikiria hilo kidogo. Mimi nakunywa maji. Kwenye ile bajeti yangu, karibu kila shilingi juu ya kiingilio ilitokana na baa kwa njia fulani. Maji ni 200 kwa sababu ya baa. Shoo inachelewa hadi saa nne kwa sababu watu lazima wanywe kwanza. Na kwa sababu imechelewa, narudi na boda ya 200 na mat ya bei ya usiku. Fugazi walipokwepa klabu na kupiga kwenye kumbi za jamii, hata gerezani mara moja, walikuwa wanaikwepa hiyo hesabu yote.

Washington kwenyewe kulikuwa na mfano wa zamani zaidi. Tangu 1968, kwenye bustani ya Fort Reno, bendi zimekuwa zikipiga bure jioni za kiangazi. Unakaa kwenye nyasi, hakuna pombe, na mambo yanaisha mapema. Fugazi walipiga hapo mara nyingi. Mji wao wenyewe hawakuufanya sehemu ya kuchuma: shoo zao nyingi za nyumbani zilikuwa za bure au za kuchangia jambo fulani la jamii.

Halafu kuna ile bahasha. Ukianza vurugu, kupiga watu mateke pale mbele, MacKaye alisimamisha wimbo, akakutaja kwa nguo uliyovaa, na ukatolewa nje ukiwa umerudishiwa dola 5 zako. Umelipa, basi tuna mkataba. Umeuvunja, basi chukua chako uende. Nimewahi kurushwa nje ya klabu fulani hapa Nairobi kwa kosa la beshte wangu, na hakuna aliyefikiria kunirudishia hata ndururu.

Sasa usifikiri kila bendi ikitaka inaweza. Mwaka 1994 Pearl Jam, moja ya bendi kubwa zaidi duniani wakati huo, walitaka tiketi zao zisizidi dola 20 na ada ya huduma iwe ndogo. Kampuni ya Ticketmaster ilikuwa na mikataba na kumbi nyingi kubwa, kwa hiyo hukuweza kuuza tiketi pale bila kupitia kwao. Pearl Jam walilalamika kwa Wizara ya Haki ya Marekani, na Juni 30 mwaka huo wanabendi wawili walitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Congress. Mwaka uliofuata wizara ilifunga uchunguzi bila kuchukua hatua. Bendi ilijaribu kuzunguka bila Ticketmaster na ikahangaika kupata pa kupiga. Mwaka 2010 Ticketmaster iliungana na Live Nation, mwandaaji mkubwa wa matamasha, na Mei 2024 wizara ileile ikaishtaki kampuni hiyo iliyoungana. Miaka 30 baadaye, kesi ni ya mlango uleule.

Ukiziweka hizi hadithi mbili pamoja unaona kitu. Pearl Jam walikuwa na mashabiki wengi kuliko Fugazi, na nia walikuwa nayo. Walichokosa ni mlango wao wenyewe.

Nilimpelekea hoja hii mpiga ngoma mmoja ninayemjua. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia bendi zetu ziige, ziweke kiingilio soo tatu. Akacheka. Akaniambia kwenye ile shoo ya 1,500 niliyoikosa, yeye alilipwa thao moja, na alirudi kwao na mat akiwa amepakata matoazi yake. Ukumbi ulichukua, spika za kukodi zilichukua, mpangaji akachukua. Fugazi, alisema, walikuwa na rekodi zinazouzwa. Sisi nyimbo zetu zinasikizwa bure. Unataka nikate nini, na mimi nishalala sakafuni?

Sikuwa na jibu. Lakini wiki sita baadaye alinitumia ujumbe: Jumapili, saa nane mchana, ukumbi wa jamii kwenye mtaa fulani Eastlands, kiingilio 300.

Nikachukua kalamu tena. Kiingilio 300, mat za kwenda 150, smokie mbili 80, maji kwa chupa yangu bure, mat za kurudi 150 kwa sababu saa kumi na mbili jioni bado kuna mwanga. Jumla 680. Makala moja, na mbao inabaki.

Tulikuwa watu 70. Pale mbele alisimama kijana wa shule, sweta ya shule mwilini, mikono masikioni, anacheka. Spika iliungua kidogo wimbo wa tatu, tukangoja. Baadaye mpiga ngoma alinifungulia hesabu bila kuficha: 21,000 mlangoni, ukumbi 6,000, spika 8,000, na bendi ya watu wanne ikagawana 7,000. Kila mmoja 1,750, kuliko ile thao ya klabu.

Msichana aliyepanga kila kitu, aliyepiga simu na kubeba viti, hakuchukua chochote. Nilimuuliza mbona. Alisema mwezi ujao atajilipa kwanza, na kiingilio kitakuwa 350.

Niko tayari. Nimeshapiga hesabu: nitakula smokie moja.