Marudio makavu

Marudio makavu ni wimbo wa mtu mwingine unaoimbwa upya kwa vyombo vichache kuliko vya awali: gitaa moja, kinanda, au sauti tupu. Istilahi hii inafuata usemi ambao tayari upo Tanzania, ambako kuimba bila mdundo huitwa kuimba kavukavu. Remiksi ni jambo jingine, kwa kuwa huchukua rekodi ileile na kuichezea. Marudio huanza na pumzi mpya ya mwimbaji mpya.

Nguvu yake huonekana zaidi kwenye nyimbo za kuachana. Bendi kamili ikipiga, besi na tumba huupa mwili kazi ya kufanya, na malalamiko hupita watu wakicheza. Vyombo vikipunguzwa, mwimbaji anaweza kupunguza mwendo, kurefusha vituo baina ya mistari, na kuisogelea maikrofoni hadi asikike akivuta pumzi.

Wimbo wa "Malaika", uliovuma kwa rekodi ya Mkenya Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, unafaa sana hapa, ingawa wapenzi wake hawakugombana: wametenganishwa na ukata, maana kijana hana mali ya kuolea. Huko Bariadi, Usukumani nchini Tanzania, hilo halihitaji maelezo; kwa Wasukuma, mahari ni ng'ombe. Mwaka 1981 kundi la Boney M. liliuvalisha mdundo wa disko, na ukata ule ukachezeka. Mwimbaji Angélique Kidjo, katika albamu ya Logozo ya 1991, aliuimba polepole, sauti ikitangulia vyombo. Maneno ni yaleyale, na tuni haikugeuzwa kuwa ya maombolezo. Kilichobadilika ni nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayomfanya msikilizaji amwonee huruma kijana yule.

Usukumani kuna uimbaji wa zamani unaokaribiana na huu: mtu mmoja na ndono, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, unaogongwa kwa kijiti. Mlio wake ni mdogo, hivyo maneno hayana pa kujificha.

Si kila wimbo unaoustahimili ukavu. Nyimbo za mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, zinazochezwa baada ya mavuno, zimejengwa juu ya mwanzishi na umati unaomwitikia. Zikiimbwa na mtu mmoja na gitaa, hupungukiwa na yule anayejibu, na kinachosikika ni nusu ya wimbo.