Karao Kwenye Runinga

Tarehe 2 Mei 2021, zaidi ya watu milioni 12 Uingereza walikaa mbele ya runinga kusubiri jina moja. Line of Duty, tamthilia ya BBC kuhusu kitengo cha polisi kinachochunguza polisi wenzao, ilikuwa imewazungusha kwa misimu kadhaa na swali lile lile: huyo mkubwa aliye ndani ya polisi akiwalinda majambazi, anayeitwa "H", ni nani hasa? Jina likatoka. Alikuwa afisa mzembe fulani, mtu aliyepanda vyeo huku wenzake wakimcheka. Watazamaji wengi waliona wamepunjwa.

Huku Voi tamthilia hiyo ilifika kama zifikavyo nyingine zote: unaingia duka la muvi na flashi yako, unataja jina, unakopiwa msimu mzima, unalipa, unaenda zako. Na watu waliipenda. Lakini wale niliotazama nao hawakujisumbua na H. Ati mkubwa wa polisi anakula na majambazi? Sasa hiyo nayo ni siri? Kilichowanyima usingizi ni kingine: yule shahidi aliyekubali kusema, je, atafika mahakamani? Kila gari la kumsindikiza shahidi lilipotoka kituoni, kuna mtu alisema, "Huyu hafiki." Mara nyingi hakufika.

Mwingereza anauliza nani mchafu. Sisi tunauliza aliyesema ataishi? Tofauti hiyo ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita kwenye runinga.

Voi ni mji uliozaliwa na njia. Kwanza reli, halafu barabara kuu, kilomita kama 330 kutoka Nairobi na 160 hivi kutoka Mombasa. Hapa ndipo unapokunja kwenda Mwatate na Wundanyi, au unanyoosha hadi Taveta uvuke uingie Holili, Tanzania. Mtoto wa mji wa njia hujifunza kusoma kizuizi cha barabarani kabla ya kujifunza kusoma saa. Anajua kwamba makanga akiteremka na leseni mkononi, ndani ya leseni hamna leseni peke yake. Anajua "chai" isiyonyweka na "kitu kidogo" ambacho mwisho wa mwezi si kidogo hata kidogo. Mtu wa namna hiyo huwezi kumshtua kwa kumwonyesha polisi anayepokea noti. Hiyo kwake ni picha ya mandhari, kama mbuyu.

Filamu zilifika vijijini Kenya kwa mkono wa serikali ya kikoloni, kwa magari ya sinema yaliyozunguka na kitambaa cheupe. London kulikuwa na Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa 1939, na William Sellers aliyekiongoza alikuwa na imani ya ajabu: kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya haraka, kwa hiyo picha ziende polepole, jambo moja kwa wakati. Angeketi dakika 10 kwenye kibanda cha video, Van Damme akirusha mateke huku DJ Afro akisimulia juu yake kwa Kiswahili cha mtaani, angerudi kwao kimya. Katika sinema za aina yake serikali ilikuwa mwalimu na mtazamaji alikuwa mwanafunzi. Mwalimu hakosei.

Runinga ilianza Kenya 1962. Miaka miwili baadaye serikali ikaichukua, ikaitwa Sauti ya Kenya, VoK. Hapo ndipo vilipotoka vichekesho vilivyolea wazazi wetu, Vitimbi na Vioja Mahakamani. Vioja ukikitazama leo utaona kitu. Kizimbani yuko Makokha, au Ondiek, mtu wa kawaida mwenye kosa la kijinga na utetezi wa kijinga zaidi, na sisi tunamcheka yeye. Polisi amefanya kazi yake, mwendesha mashtaka yuko tayari, hakimu anatoa hukumu na mambo yanaisha ndani ya nusu saa. Ilikuwa runinga ya serikali, enzi za chama kimoja. Huwezi kutegemea kingine. Lakini nchi ambayo kesi zinaahirishwa mpaka mashahidi wanazeeka ilifurahia kila wiki mahakama inayomaliza kazi siku hiyo hiyo. Nadhani hilo lilipendwa kuliko hata vichekesho vyenyewe.

Baadaye akaja Inspekta Mwala wa Citizen TV. Davis Mwabili, aliyepitia Vioja kabla ya hapo, alimvalisha polisi mwenyewe nguo za mchekeshaji. (Majina yanayoanza na Mwa- ukiyataja Wundanyi hakuna anayeuliza yanaandikwaje, kwa hiyo huku tulimchukulia kama wa nyumbani.) Hayo yalikuwa mageuzi, ingawa hayakutangazwa. Sasa mjinga alikuwa kwenye dawati la kituo na raia ndiye mwenye akili. Mwala anatisha, anapayuka, anababaika, anashindwa.

Kuna wanaosema vichekesho vya aina hii vilitufungua macho. Mimi nasita. Mwala tulimcheka jioni, na asubuhi iliyofuata noti ikakunjwa kama kawaida. Kicheko kiliifanya hongo iwe tabia ya mtu mmoja mcheshi, babu fulani mwenye kofia, na ukishamcheka mtu ni vigumu kumshtaki. Ila pia nakubali hakukuwa na mlango mwingine uliokuwa wazi. Aliyetaka kumwonyesha karao kwenye runinga ya Kenya ilibidi aanze na kicheko.

Kuna kipindi kifupi ambapo watazamaji waliingia wenyewe kwenye mchezo. Mwai Kibaki aliapishwa tarehe 30 Desemba 2002, na miezi ya kwanza ya 2003 nchi ililewa matumaini, hadi utafiti mmoja wa kimataifa ukasema Wakenya ndio wanaoamini zaidi duniani kwamba kesho itakuwa bora. Wakati huo abiria walianza kuteremka kwenye matatu na kumkabili polisi aliyepokea hongo. Wengine walimkamata na kumpeleka kituoni wao wenyewe. Kwetu sisi tuliokuwa watoto, au hatujazaliwa, hadithi hii inasikika kama muvi. Ilidumu kidogo. Katika miaka iliyofuata, kila Transparency International ilipochapisha orodha yake ya hongo Afrika Mashariki, polisi wa Kenya walikuwa juu au karibu na juu.

Halafu kuna hadithi ya kwetu kabisa, ambayo haihusu hongo lakini inahusu kuripoti. Campbell Bridges, mwanajiolojia aliyeitambulisha kwa dunia tsavorite, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo, aliuawa Agosti 2009 karibu na machimbo yake katika kaunti hii. Kundi la watu wenye silaha za jadi lilimvamia yeye na watu wake njiani. Desemba 2014 wanaume 4 walihukumiwa kifungo cha miaka 40 kila mmoja. Mzozo wa nani ana haki ya kuchimba vito vya Taita una pande nyingi, na wachimbaji wadogo wana malalamiko yao yenye uzito, sitaumaliza hapa. Lakini familia ya Bridges ilisema waziwazi kwamba vitisho vilikuwa vimeripotiwa kabla. Ukisikia hilo, unaanza kuelewa kwa nini mtazamaji wa Voi anashika pumzi pale mtu anapoingia kituoni kuandikisha taarifa, mahali ambapo mtazamaji wa London anatulia.

Miaka hiyo hiyo KTN ilikuwa ikirusha Jicho Pevu. Kwangu mimi, hiyo ndiyo tamthilia bora ya polisi iliyowahi kutengenezwa Kenya, na haikuwa tamthilia. Mohammed Ali, ambaye baadaye alichaguliwa mbunge wa Nyali 2017, alisimulia uchunguzi wake kwa Kiswahili kizito, muziki ukinguruma chini, kila sentensi ikikuachia swali. Wanahabari wa Kiingereza walipenda kusema anatia chumvi. Labda. Lakini watu walizima mazungumzo hotelini kumsikiliza, kwa sababu alisema jambo kubwa kwa lugha ya kizuizini, lugha ile ile unayoambiwa "toa kitu". Na mashaka yalikuwa ya kweli. Baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013, yeye na John-Allan Namu walirusha picha za kamera za ulinzi zilizoonyesha wanajeshi ndani ya jengo lile, na Inspekta Jenerali David Kimaiyo akatishia kuwakamata. Kwa hiyo ukitazama Jicho Pevu hukuwa unasubiri tu kujua nani alifanya nini. Ulikuwa unasubiri kuona kama wiki ijayo Moha atakuwepo.

Nairobi Half Life ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla, 2012. David "Tosh" Gitonga aliiongoza, Joseph Wairimu akawa Mwas, na ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza muvi huku akiziigiza mbele ya wateja, yaani ni mmoja wetu. Anafika Nairobi, anaibiwa, anakamatwa, na ndani ya seli ndimo anamopata marafiki wa kumwingiza kwenye wizi. Soma hiyo tena: seli ndiyo inayomwajiri. Polisi wa filamu hii hawachekeshi. Wanachukua mgao wao kwa wezi kama mtu anayekusanya kodi ya nyumba, na siku wezi wanapokuwa hatari kwao, wanawapeleka kwenye jengo tupu.

Sehemu hiyo ya jengo nimeitazama na watu wengi, kwenye kibanda na majumbani, na kila mara kelele hufa. Watu waliokuwa wakimshangilia Oti na kutabiri kila risasi wananyamaza. Tumezoea kwamba staring hafi. Hapa kila mtu anajua kwamba anaweza kufa, kwa sababu aliyeshika bunduki ndiye mtu ambaye ungempigia simu aje akuokoe. Hakuna kwa kuripoti. Filamu haikuhitaji kuhubiri lolote baada ya hapo.

Desemba mwaka uliofuata, serikali yenyewe iliingia kwenye biashara ya kuonyesha karao. Tume ya Huduma ya Polisi, chini ya Johnston Kavuludi, ilianza kuwapiga msasa maafisa, wakubwa kwanza, na runinga zikarusha. Jamani, ile ilikuwa burudani! Mtu mwenye vyeo begani anaulizwa fedha hizi zimetoka wapi, anasema biashara, anaulizwa biashara gani, koo linakauka. Walipofika kwa polisi wa trafiki ikatolewa taarifa ya M-Pesa, na tukaona tulichokuwa tukikisia: pesa zikipanda kutoka kwa wadogo kwenda kwa wakubwa wao. Hakuna mwandishi wa tamthilia aliyewahi kufikiria kumnasa mhalifu kwa M-Pesa.

Lakini mapema 2014 mtu aliacha nje ya ofisi za tume hiyo kichwa cha binadamu na mikono, pamoja na ujumbe wa vitisho kwa Kavuludi. Waliokuwa wakicheka wakaacha kucheka.

Na bado hatujafika kwa Willie Kimani. Josephat Mwenda alikuwa mwendesha bodaboda. Mwaka 2015 polisi wa utawala, Fredrick Leliman, alimsimamisha barabarani na kumpiga risasi mkononi. Mwenda akafanya kile ambacho kila bango la serikali linakuambia ufanye: aliripoti, kwa mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Wakili wake akawa Willie Kimani. Tarehe 23 Juni 2016 walitoka mahakama ya Mavoko wakiwa na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, wakatekwa, wakafungiwa kwenye kituo cha polisi wa utawala Syokimau. Kimani alifaulu kurusha nje kijikaratasi cha kuomba msaada. Kiliokotwa. Miili yao watatu ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk, siku chache baadaye.

Crime and Justice ya Showmax ilipoanza 2021, na Sarah Hassan na Alfred Munyua kama wapelelezi, wengi huku walitarajia kitu cha uzito huo, kwa kuwa kesi zake zimechotwa kwenye habari. Ni kazi nzuri, imepigwa picha vizuri, na niliimaliza kwa siku mbili. Ila kituo chao kina taa ambazo zote zinawaka na faili ambazo zote zinapatikana. Sarah Hassan akimwambia shahidi "uko salama", unamwamini. Msee mmoja niliyetazama naye alisema polisi hawa ni wa kuagizwa.

Hukumu ya kesi ya Kimani ilitolewa tarehe 22 Julai 2022, miaka 6 baadaye, na Jaji Jessie Lessit akawatia hatiani polisi 3 na raia 1. Adhabu ilisomwa Februari 2023: Leliman kifo, wengine kati ya miaka 20 na 30. Ilirushwa moja kwa moja, saa nyingi. Kwenye hoteli niliyokuwa Voi, watu wa bodaboda walisimama mlangoni na helmeti mikononi wakisikiliza mpaka chai za wengine zikapoa. Adhabu ya kifo iliposomwa hakuna aliyeshangilia. Mmoja aliuliza, ile kesi ya kwanza, ya Mwenda kupigwa risasi mkononi, iliishia wapi, na mwenzake akamwambia mwenye kesi si ndiye aliyeuawa. Kisha abiria wa Mwatate akapiga mluzi nje, na wawili kati yao wakatoka kugombania.