Brashi ya Msanii Ina Manyoya ya Nani? Na Nani Aliyeifunga?

Wadau, mchoraji kila mtu anamjua, saini yake iko pembeni ya picha. Lakini brashi aliyoshika ilitengenezwa na nani? Hapo kimya. Hata mnyama aliyetoa manyoya hatajwi, au anatajwa kwa jina la uongo.

Tuanze na huo uongo. Kuna brashi zinauzwa kama "manyoya ya ngamia". Aisee, ngamia hayumo! Kilichomo ni kindi, mbuzi, farasi au ng'ombe, au mchanganyiko wao. Na zile za bei mbaya zinazoitwa Kolinsky sable, huyo sable naye hayumo. Zinatokana na mkia wa mnyama wa jamii ya kicheche anayeishi Siberia na kaskazini mashariki mwa China, kwenye baridi kali inayomfanya aote manyoya yenye nguvu.

Sasa turudi nyuma. Karibu mwaka 1400 huko Italia, mchoraji Cennino Cennini aliandika kitabu cha kufundisha kazi yake, na humo kaeleza brashi zinavyotengenezwa. Manyoya ya mkia wa kindi yanafungwa kwa uzi, kisha yanachomekwa kwenye mrija wa unyoya wa ndege. Ukitaka nene unatumia unyoya wa tai, ukitaka nyembamba wa njiwa. Nywele za nguruwe mweupe zilifungwa kwenye kijiti, halafu brashi ikapelekwa kwanza kupaka chokaa ukutani mpaka ilainike. Baada ya hapo ndiyo ikafunguliwa zipatikane brashi ndogo za msanii. Fikiria kazi yote hiyo kabla hujagusa rangi!

Kwa nini manyoya? Kila unywele una magamba madogo sana yanayosaidia kushika maji na rangi, na mwisho wake ni mwembamba kwa asili. Ndiyo maana fundi hakati ncha hata siku moja. Anapunguza urefu upande wa shina tu. Unywele uliogeuka anautoa mmoja mmoja kwa mkono.

Karne ya 19 ikaja pete ya chuma badala ya unyoya. Chuma unaweza kukibana, hivyo brashi bapa zikawa rahisi kutengeneza, na wachoraji wa Ufaransa wakazitumia kupiga ile mipigo mipana tunayoiona kwenye picha zao. Kampuni ya Winsor & Newton ya London inasimulia kwamba mwaka 1866 Malkia Victoria aliagiza brashi bora kabisa, saizi namba 7. Jina la malkia lipo, namba ya brashi ipo. Mafundi waliozifunga je? Hadithi haiwataji.

Angalau Wajapani wamejaribu. Kule Kumano, mkoa wa Hiroshima, wakulima maskini walikuwa wanakwenda mbali kutafuta vibarua msimu usio wa kilimo, wanarudi na brashi na wino wa kuuza. Baadaye wakajifunza kuzitengeneza wenyewe. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Japani ilipobeba Kombe la Dunia, serikali iliwazawadia wachezaji brashi za vipodozi za Kumano. Kazi ya mikono ya wakulima imefika huko!

Ila tusipambe tu. Kuna mnyama amelipia. India brashi za manyoya ya nguchiro zimeharamishwa, maana nguchiro analindwa na sheria ya wanyamapori ya 1972, lakini bado watu wanakamatwa nazo. Na kwa ndugu zangu Waislamu: zile nywele ngumu nyeupe za brashi za rangi ya mafuta mara nyingi ni za nguruwe. Una haki ya kuuliza muuzaji kabla hujalipa. Nailoni zipo, na za sasa ni nzuri tu.

Mimi nasema brashi iandikwe mnyama wake wa kweli na mji ilikofungwa. Mnunuzi ajue analipia nini, na fundi naye aonekane. Wewe unasemaje? Na brashi yako ya mekapu, unajua ni manyoya ya nani?