Mtumiaji wa Seva Ndani ya Saraka Yake

Kumfungia mtumiaji ndani ya saraka yake ni kumwekea mpaka asioweza kuuona. Akiingia kwenye seva ya kuhamishia faili, saraka yake ya nyumbani humtokea kama mashine nzima. Desturi hii ilichukua zaidi ya miaka 30 kukomaa, na haikuanza kama ulinzi.

Itifaki ya kuhamishia faili, FTP, iliandikwa na Abhay Bhushan wa MIT mwaka 1971, wakati mtandao ulikuwa wa watafiti wachache. Toleo la 7 la Unix, la 1979, lilileta chroot, inayobadilisha mahali ambapo programu huona ndipo mzizi wa mfumo. Mwaka 1982 Bill Joy aliitia katika BSD, tawi la Unix, ili kujaribia mifumo mipya.

Walioifanya uzio ni waandishi wa seva za FTP. Mgeni asiye na akaunti alifungiwa katika saraka ya umma. Humo ndani hakuona hata programu ya ls ya kuorodhesha faili, kwa hiyo ilibidi inakiliwe humo, pamoja na faili la passwd lililopunguzwa. Msimamizi aliyenakili faili halisi aliwapa wageni wote nywila zilizofumbwa za mashine yake.

Wenye akaunti walibaki huru, na hapo ndipo hatari ilipokua. Nchini Kenya, kikoa cha .ke kilianzishwa mwaka 1993, KENIC inayokisimamia ikaundwa 2002, na biashara ya kuhifadhi tovuti ikaweka wateja wengi kwenye mashine moja, duka la vipuri la Nakuru likiwa jirani ya shule ya mbali. Katika lojingi za Salgaa, wanakolala madereva wa trela kwenye barabara ya Nakuru–Eldoret, kila dereva ana ufunguo wa chumba chake lakini ukumbi ni wa wote. Chumba kilichoachwa wazi huingiwa na yeyote. Seva za pamoja zilikuwa hivyo. Mteja alipanda saraka moja juu, akaingia kwa jirani, na ruhusa zikiwa legevu akasoma nywila ya hifadhidata.

Dawa ilikuwa mstari mmoja wa mipangilio ya seva: DefaultRoot ~ katika ProFTPD, au chroot_local_user=YES katika vsftpd. OpenSSH iliongeza ChrootDirectory mwaka 2008, ikitaka saraka ya mzizi imilikiwe na root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo. Sharti hilo liliwaudhi wengi, lakini lilikuwa la haki. Mwaka 2011 ilidhihirika kwamba mtumiaji anayeweza kuandika kwenye mzizi wake anaweza kupandisha maktaba bandia ya programu, na seva ikaipakia ikiwa na mamlaka ya root. Mwaka huohuo vsftpd 2.3.5 ilianza kukataa mizizi ya namna hiyo.

Mpangilio uliobaki ni huu: saraka ya nyumbani ni mali ya root na mteja hawezi kuandika humo, ndani yake mna saraka ndogo, tuseme tovuti, ambayo ni yake, na faili zote hupandishwa humo.