Kutoka Baraza la Chifu hadi Bunge la Kaunti

Ewe msomaji, ukitaka kuujua uzito wa ugatuzi wa majirani zetu wa Kenya, anzia katika baraza la chifu. Tangu enzi ya ukoloni, raia aliitwa barazani kupokea amri zilizoshuka kutoka kwa wakuu wa mikoa na wilaya. Mwenye lalamiko alilipeleka kwa chifu yule yule, aliyeteuliwa na serikali, si kuchaguliwa na wanakijiji.

Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47, na serikali zake zikaanza kazi mwaka 2013. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Kile cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wakazi. Lakini kushirikishwa ni nini hasa?

Wakazi wa Kiambu ndio waliolipeleka swali hilo Mahakama Kuu, wakiipinga Sheria ya Fedha ya kaunti yao ya 2013. Mwaka 2014 Jaji George Odunga aliibatilisha. Kuwakusanya watu wachache hotelini kwa siku moja, alieleza, si kuushirikisha umma. Kaunti iwafuate wananchi makanisani, misikitini, kwenye redio za lugha za kienyeji na barazani. Naam, barazani! Mahali pa kupokelea amri pakawa mahali ambapo mtawala hana budi kutega sikio.

Kaunti ilikata rufaa. Mwaka 2017 ikashindwa tena.