Kelele Zenye Jina la Giza: Bendi ya Duma ya Nairobi na Albamu Zake

Katika makala hii tunakusudia kueleza habari za bendi ambayo wasomaji wetu wengi, tunavyodhani, hawajapata kuisikia, na ambayo baadhi yao wakiisikia wataomba izimwe mara moja. Hatuwalaumu. Nasi tulipoisikiliza mara ya kwanza hapa Akheri tulidhani kwamba spika imeharibika. Lakini kijana wa darasa la kipaimara aliyetuletea muziki huo katika simu yake alikuwa na swali: je, mtu apendaye nyimbo kama hizi aweza kuja kwenye Meza ya Bwana? Tulimjibu kwa haraka, na tulimjibu vibaya. Makala hii ni sehemu ya kulitafakari jibu lile upya.

Muziki wenyewe ni tawi la roki liitwalo metali. Aina yake ya kasi, yaani thrashi, ilizuka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa vikundi kama Metallica na Slayer. Baadaye vijana wa Uingereza, hasa Napalm Death katika albamu yao ya 1987, waliongeza kasi hiyo mpaka wimbo ukawa mlipuko wa muda mfupi tu. Gitaa hukwaruza, ngoma hupigwa kama mvua ya mawe juu ya bati, naye mwimbaji haimbi bali hunguruma na kupiga mayowe. Muziki huu ulifika Nairobi kwa njia ya kanda, televisheni na redio, na katika miaka ya 2000 na 2010 mji ule ulikuwa na bendi zake, kama vile Last Year's Tragedy na Parking Lot Grass, zilizopiga katika kumbi ndogo mbele ya wasikilizaji wachache waaminifu. Safari ya kutoka kwetu kwenda huko ni ya kilomita 270 hivi kupitia Namanga, na si ajabu kwamba sauti hiyo imevuka mpaka.

Duma iliundwa na watu wawili waliotoka katika mazingira hayo: Martin Khanja, ajiitaye Lord Spikeheart, mwenye sauti, na Sam Karugu, mwenye gitaa na mitambo. Walikuwa wamepitia bendi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Jina walilolichagua huwapotosha wasomaji wa Kiswahili, ambao humfikiria mara moja yule mnyama mwenye mbio. Lakini limetoka katika Kikikuyu, nalo maana yake ni giza. (Katika lugha hiyo neno nduma, likitamkwa kwa namna nyingine, ni lile gimbi tunalolichemsha kwa chai. Lugha za Kibantu hazimwachii mtu kujidai sana.)

Albamu yao ya kwanza, iitwayo Duma vilevile, ilitengenezwa Kampala na kutolewa Agosti 2020 na Nyege Nyege Tapes, kampuni ya huko ambayo jina lake kwa Kiswahili halitamkwi mbele ya wakwe. Hakuna mpiga ngoma wa mwili na damu. Midundo yote imetungwa kwa kompyuta, kwa kasi ambayo mikono ya mwanadamu haiwezi kuifikia, na gitaa limezamishwa ndani ya mngurumo wa mitambo. Hapo ndipo Duma walipojitenga na thrashi ya Marekani waliyokua nayo. Hawakuridhika kuiiga, waliifungua na kuingiza ndani yake midundo ya kompyuta ya Kampala. Kwa maoni yetu albamu hii ni nzito kupita kiasi mahali pengine, na si kila kelele iliyomo ina kazi. Lakini ina vipindi vya utulivu wa kutisha ambavyo mtu havisahau.

Majina ya nyimbo zake yanapaswa kumsimamisha mchungaji. Mmoja waitwa Pembe 666, na hakuna haja ya kumweleza msomaji wa Ufunuo 13 hesabu hiyo imetoka wapi. Mwingine ni Sin Nature, yaani asili ya dhambi, maneno ambayo mhubiri yeyote wa mkutano wa injili Nairobi angeweza kuyatumia, na ambayo kwetu ni kifungu cha 2 cha Ungamo la Augsburg. Na uko mmoja ambao jina lake lamwambia msikilizaji ajiue kabla hawajamwua. Hilo hatuwezi kulipita kwa heshima ya sanaa. Tumewazika vijana, na tumeketi na mama zao. Hata ikiwa mtungaji alikusudia kuonyesha jinsi dunia inavyomfikisha mtu ukingoni, kijana aliyekwisha kufika ukingoni hasomi makusudi ya mtungaji.

Hata hivyo ni lazima kuuliza sauti hii ilikulia katika hewa gani. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini Kenya, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ikawekwa hadharani mwaka 1999. Watoto wa miaka hiyo walilelewa katika uvumi kwamba shetani amejificha shuleni na mijini. Uganda nako, tamasha la Nyege Nyege, ndugu wa kampuni hiyo, lilipigwa marufuku mwaka 2018 na Waziri wa Maadili Simon Lokodo, ambaye hapo awali alikuwa padre, kisha serikali ikalegeza. Mwaka 2022 wabunge walitaka kulizuia tena, nalo likaruhusiwa kwa masharti. Wakuu wa dini na wa serikali walilitafuta giza katika muziki wa vijana, na vijana hawa wawili wakalichukua neno hilohilo wakalifanya kuwa jina lao.

Sisi wa Akheri tunalijua neno hilo kwa njia nyingine. Hapa ndipo Ewald Ovir na Karl Segebrock wa Misheni ya Leipzig walipouawa usiku mmoja wa Oktoba 1896, na Wajerumani wakajibu kwa vita vilivyowaumiza sana Wameru na Waarusha. Katika barua na vitabu vya zama zile bara letu lote liliitwa bara la giza, na ngoma ikahesabiwa kuwa sauti ya giza hilo. Ilichukua miongo mingi kabla Howard Olson, akifundisha Makumira, hajakusanya nyimbo zenye sauti za Kiafrika katika Tumshangilie Mungu. Na vijana wa mji wetu wa Arusha, kikundi cha X Plastaz, walipounganisha rapu na uimbaji wa Kimaasai, albamu yao ya 2004 ilitolewa na kampuni ya Ujerumani. Duma nao walisikika Ulaya kabla ya kusikika nyumbani. Masikio ya jirani huchelewa.

Mwaka 2024 Khanja alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, kwa kampuni aliyoianzisha kwa jina la Haekalu, ambalo sikio la Mswahili litalisikia kama hekalu. Humo kuna wageni wengi kutoka nchi mbalimbali, na kwa sababu hiyo rangi zake ni nyingi kuliko za albamu ya Duma. Sisi twaiona kuwa kazi bora zaidi, kwa kuwa mayowe yake yana mtu anayeliliwa. Aliitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima (Kirima mwingine wa Nyeri), jemadari wa Mau Mau, anayemhesabu miongoni mwa bibi zake wakuu. Mama huyo alizitunza nywele zake za msituni tangu miaka ya 1950 hadi zilipokatwa na Mama Ngina Kenyatta mwaka 2022. Alifariki Septemba 2023.

Tukasoma tena Zaburi ya 88, ambayo tofauti na zaburi nyingine za maombolezo haigeuki kuwa sifa: neno lake la mwisho ni giza, na kanisa halikuiondoa katika kitabu. Luther naye aliyajua majaribu ya namna hiyo, na katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518 alimtaka mwanatheolojia wa msalaba aviite vitu jinsi vilivyo. Hatusemi kwamba Duma ni zaburi. Zaburi humlilia Mungu kwa jina lake, na Duma hawafanyi hivyo. Tunasema tu kwamba mtu anayepiga yowe hajapatwa na hatia kwa sababu ya yowe.

Kijana wetu tulimwita tena baada ya majuma matatu. Tulimwuliza kwanza juu ya ule wimbo wa kujiua, naye akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akatueleza mambo ambayo si ya kuandikwa hapa. Tuliketi naye mpaka jioni. Swali lake la kwanza tulilijibu Jumapili iliyofuata, madhabahuni, kwa mkate na divai. Alipotoka alitaka kujua kama nywele za yule mama wa Nyeri zilikuwa nadhiri, nasi tukamfungulia Hesabu 6.