Sufuria ya Fortune: vita vya Ituri jukwaani

Mwaka 1951 John Huston alipeleka kamera zake kwenye mito ya Kongo na Butiaba, pwani ya Uganda ya Ziwa Albert, kupiga filamu ya The African Queen. Kisa kilitoka katika riwaya ya C.S. Forester ya 1935: Vita Kuu ya Kwanza inamkutanisha dada wa mmisionari na fundi wa mashua mlevi, na hatari ndiyo inayowapendanisha. Ziwa hilo hilo watu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, wamelivuka mara nyingi kukimbilia Uganda, na vita walivyovikimbia havikuwaozesha.

Vita vya 1999 hadi 2003 viliingia nyumbani. Watu wa makabila ya Wahema na Walendu walikuwa wameoana, wana wakwe na wajukuu wa pamoja, kisha ukafika wakati ambapo mke alitakiwa kusema yeye ni wa nani. Kundi la wapiganaji la UPC, la Thomas Lubanga, liliuteka mji wa Bunia Agosti 2002. Jeshi la Uganda lilipoondoka Mei 2003 wanamgambo waligombea mji mtaa kwa mtaa, na pa kulala usiku paliamuliwa na kabila. Mwezi uliofuata yalifika majeshi ya Ulaya yakiongozwa na Wafaransa.

Mwaka 2004 mwandishi wa tamthilia kutoka Marekani, Lynn Nottage, alikwenda Uganda pamoja na muongozaji Kate Whoriskey kuwasikiliza wanawake wa Kongo waliokimbia. Alikuwa na nia ya kuiandika upya Mama Courage ya Bertolt Brecht, igizo la mama mchuuzi anayeishi kwa vita na kupoteza watoto katika vita hivyo hivyo. Alipowasikia wanawake wale, akaiacha nia hiyo. Igizo aliloliandika badala yake, Ruined, lilionyeshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 2008, na 2009 likapata tuzo ya Pulitzer.

Mahali ni mji mdogo wa machimbo katika msitu wa Ituri, kwenye baa ya Mama Nadi, ambayo pia ni danguro. Wanajeshi na waasi wote hunywa hapo, mradi risasi ziachwe kaunta. Kati ya wanawake wake yumo Salima. Siku ile alikuwa bustanini akichuma nyanya, mtoto wake mchanga amelala kivulini. Mumewe, Fortune, alikuwa amekwenda kununua sufuria ya chuma. Askari wakaja. Mtoto aliuawa, naye Salima akashikwa miezi mitano. Alipofanikiwa kurudi kijijini, mumewe alimtukana na kumfukuza, kana kwamba ni yeye aliyewaita askari.

Baadaye Fortune anakuja kumtafuta, amevaa magwanda ya jeshi, sufuria mkononi. Hapo ndipo Nottage anapomshinda kila mwandishi wa mapenzi ya vitani. Angeweza kumfanya Fortune mume katili tu, tukamchukia na kulala usingizi. Badala yake amemleta na ile sufuria, mtu anayejuta kweli, anayetaka kurudi kwenye asubuhi ile kana kwamba ametoka sokoni sasa hivi. Ila Salima ana mimba ya askari, na anajua mume aliyemfukuza jana hawezi kumlea mtoto huyo kesho. Anakataa kuonana naye. Atakufa bila kuipokea sufuria hiyo.

Wapo wanaolaumu mwisho wa igizo kuwa mtamu mno: Mama Nadi anacheza muziki na Christian, mfanyabiashara aliyempenda muda mrefu. Siwaungi mkono. Kabla ya kucheza, mama yule mkali anakiri kwamba naye aliumizwa na wabakaji kama Sophie, binti wa ndugu yake Christian. Ni swali lile lile lililomshinda Fortune, kama mtu anaweza kuishi na mwanamke aliyebakwa vitani, naye Christian, akiisha kulisikia, haondoki.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilichelewa kuufikia ubakaji huo. Lubanga alipatikana na hatia mwaka 2012 kwa kuwatumikisha watoto vitani. Ubakaji haukuwa katika mashtaka yake. Ilikuwa Julai 2019 ndipo Bosco Ntaganda, aliyekuwa kamanda wa UPC, alipatikana na hatia ya ubakaji na utumwa wa ngono, ukiwemo uliotendewa wasichana wa jeshi lake mwenyewe. Na katika amri ya fidia ya Machi 2021, majaji waliwahesabu watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji kuwa waathirika wa moja kwa moja, sawa na mama zao.